Kuvua Trauti kwa Nzi Bandia Mwanzo wa Machipuko: Mwongozo Kamili wa Mito ya Great Smoky

Kila ninapofika mtoni mwezi wa tatu, kipimajoto hutangulia ndoana. Nimekifunga kwa kamba ya kiatu. Nakizamisha kwenye maji yanayotembea, upande wa kivulini, nahesabu polepole hadi mia, kisha nakitoa na kukisoma papo hapo kabla upepo haujakibadilisha. Namba ile ndiyo inayoniambia nifunge nzi bandia gani (ndoana ya manyoya inayoiga mdudu), nisimame wapi, na kama niharakishe au nirudi garini ninywe chai kwanza. Miaka miwili ya mwanzo nilivua bila kifaa hicho. Nilikuwa nafika alfajiri, maana nilikulia kwenye msemo kwamba mvuvi ni wa alfajiri, na nilirudi nyumbani mikono mitupu, vidole vimekufa ganzi. Mto wa mlimani mwanzo wa machipuko haufuati kalenda wala bidii ya mtu. Unafuata joto la maji.

Mwongozo huu ni wa kuvua trauti, samaki wa maji baridi, katika mito ya Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, mpakani mwa Tennessee na North Carolina nchini Marekani. Wenzetu wengi wanaozungumza Kiswahili wamejenga maisha Knoxville na miji ya jirani, na kutoka hapo hadi kijiji cha Townsend, mlangoni mwa hifadhi, ni safari fupi ya gari. Lakini wengi wanaijua milima hii kwa kuipiga picha tu. Mito yake wanaiona kupitia dirishani. Nataka mtu aliyewahi kuvua kwa mshipi na nyungunyungu ziwani Tanganyika au bwawani kwao asome hapa, kisha Jumamosi moja ya mwezi wa tatu aingie majini akijua anafanya nini.

Wajue samaki kwanza

Trauti wa mito hii ni wa aina tatu. Mwenyeji halisi ni mdogo, mgongo wake una michoro kama njia za minyoo kwenye mti, na mapezi yake ya chini yana ukingo mweupe kama uliopakwa chokaa. Watu wa milimani humwita "speck". Huyu hukaa vijito vya juu kabisa, kwenye maji baridi. Wa pili ni trauti wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa waridi ubavuni, ambaye asili yake ni magharibi ya Marekani. Wa tatu ni trauti wa kahawia, asili yake Ulaya, mwenye madoa meusi na mekundu; ni mjanja kuliko wote, na ndiye anayekua mkubwa.

Kabla ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1934, makampuni ya mbao yalikata sehemu kubwa ya misitu ya milima hii. Kivuli kilipoondoka maji yakapata joto, udongo ukashuka mitoni, na yule mwenyeji akasukumwa hadi kwenye vyanzo. Wageni wakapandikizwa mahali pake. Upandikizaji ndani ya hifadhi ulikoma mwaka 1975, kwa hiyo karibu kila trauti utakayemshika leo kazaliwa mtoni humohumo. Kumvua yule mwenyeji kulipigwa marufuku mwaka 1976, na ruhusa ikarudi mwaka 2006 baada ya watafiti kuona kwamba uvuvi wa ndoana haupunguzi idadi yake. Nakueleza haya ili ukimshika samaki wa urefu wa kiganja usimdharau. Ukoo wake ulikuwa hapa kabla ya barabara, kabla ya misumeno.

Kwangu mimi, mtoto wa Nyeri, samaki hawa wana jambo la ziada. Trauti wa kahawia waliletwa Kenya mwaka 1905, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan akawatia mto Gura, kwenye safu ya Aberdare. Nilikua nikisikia habari za trauti wa milima yetu, nikidhani ni samaki wa wazungu na mahoteli. Ilibidi nivuke bahari ndipo nijifunze kumvua samaki aliyekuwa jirani yangu.

Kibali na sheria

Hapa sitazunguka. Unahitaji leseni ya uvuvi ya Tennessee au ya North Carolina. Yoyote kati ya hizo inakubalika hifadhi nzima, pande zote mbili. Leseni haiuzwi ndani ya hifadhi, kwa hiyo inunue kwenye tovuti ya jimbo kabla hujaondoka. Kiingilio hakuna, lakini tangu mwezi wa tatu 2023 gari likiegeshwa zaidi ya dakika 15 linahitaji stika ya maegesho.

Uvuvi unaruhusiwa mwaka mzima, kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya jua kuzama. Ufito mmoja tu mkononi. Chambo cha kweli ni marufuku kabisa: nyungunyungu, mahindi, unga, mayai ya samaki, hata dawa za harufu. Ukiwa na vifaa vya kuvulia kando ya mto, kuwa na chambo hicho mfukoni tu ni kosa. Kinachoruhusiwa ni nzi bandia au chambo bandia chenye ndoana moja isiyo na matawi, na unaweza kufunga nzi wawili kwenye uzi mmoja. Kwa siku usizidishe samaki watano, na kila trauti awe na urefu wa inchi 7 au zaidi, karibu sentimita 18. Mito iliyo ndani ya miji ya Gatlinburg na Cherokee, nje ya hifadhi, ina vibali vyake vya pekee.

Sheria moja hupuuzwa na wengi kwa kutojua: usihamishe mawe mtoni. Watoto hupenda kujenga vibwawa, nasi wazazi twawaachia. Chini ya mawe yale wanaishi wadudu wanaolisha trauti, na salamanda, viumbe wanaofanana na mijusi, hutaga mayai hapo. Ukigeuza jiwe umebomoa nyumba ya mtu.

Vifaa, bila kufilisika

Tofauti ya uvuvi huu na ule tuliouzoea ni moja. Kwenye mshipi wa kawaida, uzito wa chubwi ndio unaobeba ndoana kwenda mbali. Nzi bandia hana uzito wowote. Ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana. Hivyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, nao ni mnene na laini kama kamba ya viatu vya mvua. Unarusha mshipi, nzi anafuata.

Chukua ufito wa futi 8 hadi 9, namba 4. Namba hiyo huonyesha uzito wa mshipi unaolingana na ufito, basi nunua mshipi wa namba ileile. Duka lolote zuri lina seti kamili ya mwanafunzi: ufito, gurudumu na mshipi tayari umeviringwa. Seti hiyo yatosha miaka mingi. Usishawishike na cha bei kubwa. Trauti haoni jina la kampuni.

Mwisho wa mshipi mnene hufungwa kigwe, yaani uzi wa nailoni unaokonda kadiri unavyokwenda, wa futi 9. Mwisho wa kigwe unaongeza nusu mita ya uzi mwembamba wa namba 5X, unene wake milimita 0.15 hivi. Huu ndio unaoufunga kwa nzi, nao ukiisha kwa kukatwakatwa unaongeza mwingine bila kugusa kigwe. Fundo ni hili: pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uzungushe juu ya wenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, kisha kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Sasa lilambe. Fundo kavu likivutwa hupata moto na uzi hudhoofika. Lenye mate huteleza na kukaza vizuri. Samaki mkubwa wa kwanza niliyempoteza alikatikia kwenye fundo kavu, nikabaki na uzi uliojikunja mwishoni kama mkia wa nguruwe. Ukiona alama hiyo, ujue fundo ndilo lililoachia.

Mavazi sasa. Maji ya mwezi wa tatu hayana huruma, basi suruali ya kuvulia isiyopitisha maji, inayofika kifuani, ni ya lazima. Ifunge mkanda kiunoni, umekazwa kweli, ili ukianguka maji yasijae miguuni. Ndani vaa sufu au nguo za michezo zinazokauka upesi. Pamba ikilowa hukunyonya joto lote la mwili. Viatu viwe vyenye soli ya kushika mawe. Rangi ya nguo: kijani kilichofifia, kijivu, kahawia. Miwani ya jua ya kukata mng'ao itakuonyesha samaki chini ya maji, na itakinga macho yako na ndoana inayorudi.

Ongeza kipimajoto, mkasi mdogo wa kucha, koleo la kutolea ndoana, wavu wa mkono wenye nyavu za mpira, na fimbo ya kutembelea majini. Vingine vyote vinaweza kusubiri.

Soma joto, ndipo uamue

Trauti ni kiumbe wa damu baridi. Mwili wake una joto la maji aliyomo. Maji yakiwa chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, sawa na 40 za Farenhaiti, analala chini bila hamu, na hatahama hata shubiri moja kufuata chakula. Siku kama hiyo tafuta vidimbwi virefu vyenye maji ya pole, tumia nzi wadogo wazito, na uwapitishe puani pake hasa. Au subiri. Kati ya nyuzi 4 na 7 ameanza kula, ila chini kwa chini. Kati ya 7 na 10 hutoka vidimbwini na kusimama kwenye mikondo, na mchana utaona mmoja mmoja akivunja uso wa maji. Maji yakigusa nyuzi 10, yaani 50 za Farenhaiti, siku mbili tatu mfululizo, acha kazi ndogondogo uende mtoni. Hapo wadudu wakubwa wa machipuko huanza kutoka.

Ndiyo maana saa nzuri mwanzo wa machipuko ni kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi alasiri. Asubuhi lala. Kuna siku nilipima saa tatu asubuhi nikapata nyuzi 5, na saa nane mchana, palepale, nikapata 9. Mto ulikuwa mmoja, lakini asubuhi ulikuwa kama hauna samaki kabisa.

Jambo la pili la kutazama ukiwa bado nyumbani ni ujazo wa maji. Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, lina kipimo kwenye Little River juu ya Townsend, na namba zake zinasomeka kwenye intaneti saa yoyote. Mimi nina kanuni yangu: ujazo ukipita futi 400 za ujazo kwa sekunde siuvuki mto huo, nakwenda vijito vya juu au nabaki nyumbani. Tazama pia kama mstari wa grafu unapanda au unashuka. Mto unaoshuka taratibu baada ya mvua, maji yakiwa na rangi ya chai hafifu, ni zawadi. Mto unaopanda ni wa kuukimbia.

Mahali pa kuanzia

Kwa mgeni napendekeza Little River, kando ya barabara inayotoka Townsend kupitia Metcalf Bottoms kwenda Elkmont. Maegesho ni mengi, mto ni mpana kiasi cha kurusha bila kunasa mti kila mara, na aina zote mbili za trauti wageni zimo. Juu ya kambi ya Elkmont njia ya miguu hufuata mto, na kila unavyopanda watu wanapungua. Tawi la Tremont nalo ni zuri, lenye mawe makubwa na vidimbwi vingi. Upande wa North Carolina, Deep Creek karibu na Bryson City inanifurahisha kila mara.

Abrams Creek, kule Cades Cove, iache hadi utakapokomaa. Inapita kwenye mawe ya chokaa yanayoteleza kama sabuni, na sehemu yake iitwayo Horseshoe ukishaingia hutoki kirahisi.

Wadudu: kumbikumbi wa trauti

Umeona kuku wanavyochanganyikiwa kumbikumbi wakitoka baada ya mvua? Trauti hufanya vivyo hivyo. Wadudu wa mtoni huishi kama tunutu chini ya mawe muda mrefu, kisha siku moja, joto likiwafaa, hupanda juu kwa pamoja, hupata mabawa na kuruka. Saa hiyo samaki husahau woga.

Wa kwanza kabisa, tangu mwezi wa pili, ni nzi-mawe weusi wadogo. Hawapandi juu ya maji. Hutambaa hadi kwenye jiwe kavu, wakavua ngozi, wakaiacha imeganda pale. Ukifika mtoni chungulia mawe yaliyochomoza. Ukiona maganda matupu yenye miguu sita, yakavu kama maganda ya karanga, umepewa jibu bure: funga tunutu mweusi wa namba 16. Kumbuka kwamba namba ya ndoana ikiongezeka ndoana inapungua. 20 ni ndogo kuliko 12.

Siku za mawingu na manyunyu, vijinzi vidogo vya kijani cha zeituni hutoka, namba 18 hadi 20. Kisha katikati ya mwezi wa tatu, maji yakigusa zile nyuzi 10, anafika mwenye shamba: Quill Gordon. Mwili wake una miviringo ya kahawia na krimu, mikia yake ni miwili, na mabawa ya rangi ya moshi yamesimama wima mgongoni kama tanga la dau. Ni mkubwa, namba 12 hadi 14, na trauti aliyefunga majira yote ya baridi hawezi kumwacha apite.

Quill Gordon ana siri moja inayostahili kutafakariwa. Wadudu wengi wa jamii yake huvua ngozi juu ya uso wa maji. Huyu huivua huko chini, kisha hupanda kupitia majini akiwa tayari na mabawa. Samaki wengi humla njiani, sentimita chache chini ya uso, na mvuvi huona maji yakivimba bila kuona mdomo. Nilipoteza michana mingi nikiwatupia nzi wa kuelea samaki waliovimbisha maji hivyo, hadi mzee mmoja mwenyeji aliyekuwa ameketi jiwe la pili akaniambia taratibu, "Kijana, hawali juu. Mzamishe kidogo." Nilifunga nzi laini wa manyoya ya kware, asiye na uzito, na samaki watatu wakaja mfululizo.

Kisanduku chako kiwe na nzi bandia hawa, na si lazima wazidi: Parachute Adams namba 14 na 18 kwa kuelea, Quill Gordon wa kuelea na wa kuzama, namba 12 na 14, Pheasant Tail (tunutu) namba 14 na 16 mwenye shanga ya tangsteni, metali nzito, kichwani, tunutu mweusi namba 16, na Zebra Midge namba 20 kwa siku za baridi kali. Watatu watatu kila mmoja. Utawapoteza mitini.

Kuusoma mto

Trauti hutaka vitu vitatu kwa pamoja: apumzike bila kupigana na mkondo, chakula kimpitie karibu, na pawepo pa kujificha. Tazama jiwe kubwa katikati ya maji ya kasi. Nyuma yake maji yametulia. Pembeni yake pana ukingo ambapo maji ya kasi yanapakana na yaliyotulia. Ukingo huo ndio meza. Samaki husimama kwenye utulivu, akachomoka kuchukua kinachopita, akarudi. Povu litakuonyesha njia ya chakula. Povu na tunutu hubebwa na mkondo uleule, basi povu linakopita ndiko umpitishe nzi wako.

Maji yakiwa baridi, anza na sehemu za ndani na za taratibu: katikati ya kidimbwi na mkia wake. Yakipata joto, hamia kichwani mwa kidimbwi, pale maji meupe yanapoanza kutulia.

Na tembea ukipanda mto. Trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa hiyo ukija kutoka chini unakuja nyuma yake. Inama. Piga magoti panapobidi. Kivuli chako kisitangulie mbele yako. Nimewahi kusimama na kaka mmoja wa Uvira ukingoni, akaniuliza, "Sasa kaka, humu kweli mna samaki?" Nikamwambia tukae chini, tusiseme kitu, dakika kumi. Dakika ya saba trauti watano walikuwa wamerudi mahali pao, wazi kabisa, karibu kuliko urefu wa ufito.

Kutupa na kumwongoza nzi

Kwanza jizoeze nyumbani kwenye majani, ukifunga kipande cha sufu badala ya ndoana. Inua ufito kutoka chini ukiongeza kasi, usimamishe ghafla ukiwa wima juu ya bega, subiri mshipi unyooke nyuma yako, kisha peleka mbele na usimamishe ghafla tena. Ule msimamo wa ghafla ndio unaorusha. Makosa ya wanafunzi karibu wote ni haraka ya kupeleka mbele kabla mshipi haujanyooka, na kuulaza ufito hadi nyuma kabisa. Dakika kumi na tano kila jioni kwa wiki mbili zitatosha, maana mito hii haihitaji umbali. Samaki wengi nimewashika ndani ya mita sita.

Mwanzo wa machipuko utavua zaidi kwa tunutu. Fanya hivi. Funga Pheasant Tail mwenye shanga, kisha kwenye mpindo wa ndoana yake funga uzi wa sentimita 40 na tunutu mweusi mdogo. Simama chini ya mahali palipo na samaki, upande mmoja. Watupe juu ya mkondo, mita moja zaidi ya pale unapomdhania samaki, ili wapate muda wa kuzama. Papo hapo inua ufito juu, mkono umenyooka, mshipi mnene wote uwe hewani na kigwe pekee kiingie majini. Sasa fuata mkondo kwa ncha ya ufito, kwa kasi ileile ya maji, bila kuvuta na bila kulegeza.

Hili la kasi ndilo moyo wa uvuvi wote huu. Mdudu wa kweli hana injini. Huenda na maji. Mshipi ukilala juu ya mkondo wa kasi humburuta nzi wako, na trauti anajua mara moja kwamba chakula hakikimbii hivyo. Tunutu wako awe anagusagusa chini mara moja moja. Hagusi kabisa? Ongeza chubwi ndogo juu yake. Ananasa kila mara? Punguza.

Samaki akichukua hutasikia kitu. Utaona kigwe kimesita, au kimeyumba kidogo upande ambao maji hayaendi. Inua ncha hapo hapo, kwa kifundo cha mkono tu, shubiri moja. Usisubiri uhakika. Ukisubiri ameshatema.

Wadudu wakianza kuruka na samaki kuvunja maji, badili. Kata kila kitu, kausha mkono, funga Parachute Adams au Quill Gordon wa kuelea. Chagua samaki mmoja, hesabu anavyochomoka, mtupie nusu mita juu yake, umwache nzi apite. Asipochukua, usimpigie tena haraka. Pumzika, mtupie tena. Wakikataa wote huku maji yanavimba, kumbuka shauri la yule mzee.

Kumpokea samaki

Kabla hujaanza, bonyeza kwa koleo kile kijino cha nyuma cha ndoana hadi kilale. Ndoana itatoka kirahisi kwenye mdomo wa samaki, na siku itakapokuingia kidoleni utashukuru. Samaki akinaswa, weka ufito juu, umlete upesi, umtie wavuni. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa sababu mikono mikavu huondoa ute unaomkinga na magonjwa. Mtoe ndoana akiwa majini, umshike akitazama mkondo hadi ajiondokee mwenyewe.

Ukitaka kumla, sheria inakuruhusu, na trauti wa kukaangwa na unga wa mahindi ni chakula cha heshima. Chagua wa upinde wa mvua walioko wengi, uwaachie wenyeji.

Ila katika majira haya trauti wa upinde wa mvua hutaga. Ukiona kwenye maji mafupi duara la changarawe iliyosafishwa, nyeupe kuliko inayoizunguka, hicho ni kiota. Usikikanyage. Mguu mmoja huua mayai mengi usiyoyaona. Na ukiona samaki wawili wamesimama juu yake, usiwatupie, wapishe.

Hatari za kweli

Sogea majini kwa kuburuta miguu, mguu mmoja ukishashika ndipo uhamishe mwingine, fimbo ikiwa upande maji yanakotoka. Usivuke maji yanayopita magoti kwa kasi. Ukianguka, lala chali, miguu itangulie kule maji yanakokwenda, usijaribu kusimama kwenye kasi: mguu ukibanwa kati ya mawe, mkondo utakulaza kifudifudi. Sehemu iitwayo The Sinks kwenye Little River watu wamekufa maji. Itazame kutoka juu tu.

Niliwahi kuteleza mwezi wa tatu, nikalowa hadi shingoni, na gari lilikuwa nusu saa kwa miguu. Nilipofika sikuweza kuingiza ufunguo. Tangu siku ile mfuko wangu una nguo kavu kamili ndani ya plastiki, kofia ya sufu, na chupa ya chai ya tangawizi. Simu mara nyingi haishiki milimani, basi mwambie mtu wa nyumbani unakwenda mto gani na utarudi saa ngapi.

Dubu weusi huamka majira haya wakiwa na njaa. Sheria inataka ukae angalau mita 46 mbali nao, na chakula chako usikiache ukingoni ukiingia majini.

Ukirudi nyumbani

Mwaka 2015 ugonjwa wa kuzungukazunguka, unaopinda mifupa ya trauti wachanga, ulithibitishwa katika mto Watauga, North Carolina. Vimelea vyake husafiri kwenye tope la viatu. Sugua viatu kwa brashi na maji, toa kila chembe ya matope kwenye soli, kisha acha kila kitu kikauke kabisa kabla ya kuingia mto mwingine. Futa mshipi kwa kitambaa chenye maji. Kisanduku cha nzi kiache wazi mezani usiku kucha, mbali na watoto, manyoya yakauke na ndoana zisipate kutu. Na kabla hujalala andika kwenye daftari tarehe, mto, joto la maji asubuhi na mchana, na saa uliyomwona mdudu wa kwanza akiruka.